X Nyekundu Ukutani si Notisi

Tuseme umeamka asubuhi, umetoka nje na ndoo kutafuta maji, na ukutani mwa nyumba yako kuna X ya rangi nyekundu. Hakuna barua wala jina la ofisi. Jirani anakwambia kanjo walipita jana saa nane ukiwa kazini, wakachora nyumba tisa, wakaenda. Utafanya nini?

Wengi wetu tutampigia simu mwakilishi wadi. Asipochukua, tutanyamaza na kuomba Mungu. Tunanyamaza kwa sababu ya sentensi moja ambayo nimeisikia mara nyingi mpaka naichukia: "Sina hati miliki, kwa hivyo sina haki." Anaisema mama muuza ndizi, anaisema mchonga mawe, anaisema hata mwalimu wa shule. Sentensi hiyo ina ukweli nusu, na hiyo nusu isiyo kweli ndiyo inayotulaza nje na watoto.

Kwanza tuseme wazi tunamzungumzia nani. Ukiwasikiliza wakubwa, anayekaa mahali pasipo pake ni mvamizi aliyetoka mbali kuiba ardhi. Njoo Tabaka umwone huyo mvamizi. Ni kijana ambaye babake aligawanya shamba kwa ndugu watano, akapata kipande cha kutosha kaburi na migomba miwili. Ni dada aliyeachika akarudi kwao, akaambiwa na kaka zake kwamba shamba ni la wanaume, ingawa Katiba haisemi hivyo. Ni mjane. Ni mchonga mawe ya sabuni aliyejenga kibanda kando ya barabara ili wageni wayaone mawe yake, kisha nyuma ya kibanda akaweka kitanda, kisha jiko, kisha mke. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, zaidi ya 900 kwa kila kilomita mraba moja. Ardhi haijaongezeka hata shubiri moja tangu siku hiyo. Watu watajenga ukingoni mwa barabara, kando ya mto, juu ya mashimo ya zamani yaliyochimbwa mawe yakaachwa, na kwenye ploti ya soko ambayo kaunti iliirithi kutoka kwa baraza la zamani na haijaijenga.

Sijasema wanafanya vyema. Nasema tu ndio hao, na tunawajua kwa majina.

Sasa sheria. Mpaka 2016 Kenya haikuwa na kanuni zilizoandikwa za kuondoa watu kwenye ardhi. Kulikuwa na mswada wa 2012 kuhusu jambo hilo, haukupita. Ndipo Sheria ya Ardhi ikarekebishwa mwaka 2016, vikaongezwa vifungu vya 152A mpaka 152I. Cha kwanza kinasema wazi kwamba mtu asikae kinyume cha sheria kwenye ardhi ya mwingine, iwe ya mtu binafsi, ya jamii au ya umma. Hapo sheria haimbembelezi mtu. Lakini kifungu kinachofuata kinasema hata huyo aliyekaa kinyume cha sheria ataondolewa kwa kufuata sheria hii. Soma tena hapo. Kifungu hakikuandikiwa mwenye hati miliki. Kimeandikwa kwa ajili ya yule asiyekuwa nayo.

Na utaratibu wenyewe una miezi mitatu ndani yake. Kama ardhi ni ya umma, uamuzi wa kuwaondoa watu unatangazwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi, si na askari wa kaunti aliyebeba kopo la rangi. Tangazo liwe kwa maandishi, liingie kwenye Gazeti rasmi la serikali, liingie kwenye gazeti moja linalosomwa nchi nzima, na pale inapofaa litangazwe redioni kwa lugha ya wenyeji. Kwetu hiyo ni Ekegusii. Kwa hivyo swali la kwanza kwa kanjo ni rahisi hata kwa nyanya asiyejua kusoma: hilo tangazo lilisomwa lini Egesa FM au Minto FM, maana mimi redio yangu haizimwi? Kama ardhi ni ya jamii na haijasajiliwa, notisi inatoka kwa waziri wa ardhi wa kaunti. Kama ni ya mtu binafsi, mwenye shamba ndiye anayeandika, kwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na nakala inakwenda kwa naibu kamishna wa kaunti na mkuu wa polisi wa eneo. Watu wakiwa wengi, itangazwe kwenye magazeti mawili na ibandikwe mahali pasipopungua patano panapoonekana. Kote huko ni miezi mitatu kamili kabla ya siku ya kuondoka.

X haimo popote katika vifungu hivyo. Rangi ukutani ni alama ya kumwonyesha dereva wa tingatinga pa kuanzia. Wewe haijakwambia chochote.

Hapa kuna mtego, na naomba usome polepole. Kaunti ina karatasi nyingine ambayo ni halali na ina siku chache zaidi. Inatoka kwenye Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Ukijenga bila kibali cha kaunti, ofisi ya mipango inaweza kukuletea notisi ya utekelezaji inayokuambia usimamishe ujenzi, urekebishe au ubomoe. Ukipewa hiyo una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayoshughulikia migogoro ya mipango, nayo inapaswa kukusikiza na kuamua ndani ya siku 30. Usiporidhika unakwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ukikaidi notisi, faini inafika Sh500,000, au kifungo cha miezi miwili, au vyote.

Karatasi hii inahusu jengo: je, lina kibali, limefuata ramani? Ile ya miezi mitatu inahusu watu kuondoka kwenye ardhi. Hatari ni kwamba kwa afisa mwenye haraka, siku 14 ni tamu kuliko miezi mitatu. Atakuletea notisi ya jengo wakati nia yake ni kuondoa familia 40. Kwa hivyo usiangalie muhuri tu. Uliza: karatasi hii ni ya sheria gani, ya mwaka gani, kifungu gani? Kama ni ya mipango, usilale, siku 14 zinaisha kabla hujapata nauli ya kwenda Kisii mara mbili. Kata rufaa kwanza, halafu kwenye barua ya rufaa sema kwamba watu wanaishi humo na notisi ya miezi mitatu haijatolewa. Hizi ni haki mbili tofauti, usikubali moja imezwe na nyingine.

Nimesema ile sentensi ina ukweli nusu. Twende Nairobi kidogo, kwa sababu jibu lake lilipatikana huko, na lilipatikana kwa machozi.

Karibu na uwanja wa ndege wa Wilson kulikuwa na kijiji kikiitwa Mitumba. Watu waliishi hapo tangu miaka ya 1990. Tarehe 15 Septemba 2011 tangazo likatokea gazetini likiwapa siku saba wahame. Walikimbia kortini kupitia chama chao, Mitu-Bell, wakapata amri ya kusimamisha. Tarehe 19 Novemba 2011, amri ikiwa mkononi, nyumba zikabomolewa. Mwaka 2013 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu akaamua haki zao zilikiukwa. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ikaifuta hukumu hiyo. Wakaenda Mahakama ya Juu, na tarehe 11 Januari 2021 Mahakama ya Juu ikasema jambo ambalo kila mtu wa Tabaka anayelala bila hati anapaswa kulijua: watu wasio na ardhi wakijenga makao kwenye ardhi ya umma, hawapati hati ya ile ardhi, lakini wanapata haki ya makao ambayo sheria inailinda.

Huo ndio ukweli nusu umekamilika. Huna hati, kweli. Haki unayo. Si haki ya kuuza hiyo ploti wala ya kumwachia mwanao kama urithi. Ni haki ya kutofukuzwa kama mbwa, ya kupewa muda, ya kusikizwa, na ya korti kuuliza utakwenda wapi.

Tahadhari mbili hapa. Hukumu ya Mitumba ni ya ardhi ya umma. Kama uko kwenye shamba la mtu, usiibebe jinsi ilivyo. Hapo utategemea ile miezi mitatu, au kama umekaa wazi bila ruhusa yake kwa miaka 12, kuna kesi nyingine unayoweza kufungua kudai umiliki. Na hiyo miaka 12 nayo haifanyi kazi kwenye ardhi ya serikali, hata ukae 50. Nasikia watu wakichanganya hizi mbili kila wiki, kila mmoja akiwa na uhakika kama wakili.

Sasa rudi uangalie tarehe za Mitumba. Novemba 2011 mpaka Januari 2021. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza siku ya kubomolewa alikuwa ameshakuwa kijana hukumu ikisomwa. Na hata hiyo siku Mahakama ya Juu haikumpa mtu nyumba. Iliirudisha kesi Mahakama Kuu iamue watu walipwe nini. Tulishinda, naam. Lakini tulishinda kwenye karatasi, nyumba zikiwa zimekuwa vumbi kwa miaka tisa.

Garissa walikwenda kasi zaidi. Mwisho wa Desemba 2010, wiki ya mwisho ya mwaka, nyumba za watu zaidi ya 1,100 wa eneo la Medina zilibomolewa, na baraza la manispaa likawa miongoni mwa walioshtakiwa. Wengine walikuwa hapo tangu miaka ya 1940. Novemba 2011 Mahakama Kuu iliyoketi Embu iliagiza warudishwe, wajengewe, na kila mmoja alipwe Sh200,000. Hukumu nzuri. Lakini tena, angalia mpangilio: tingatinga kwanza, korti baadaye.

Na karibu zaidi na sisi kuna Kibos, pale Kisumu. Usiku wa tarehe 5 Februari 2021, wakati wa kafyu ya Korona, Shirika la Reli likiwa na polisi liliwatoa watu wapatao 3,500, wengi wao Wanubi, ndugu zetu Waislamu ambao familia zao zilikuwa hapo tangu enzi za mkoloni. Walikuwa na amri ya korti. Miezi tisa kabla yake, tarehe 4 Mei 2020, ilikuwa Kariobangi jijini Nairobi: alfajiri, mvua, ugonjwa umetanda nchi nzima, watu wapatao 8,000, na amri ya korti ilikuwepo pia. Ndugu yangu unayeishi mtaa wa Nubia hapo Kisii mjini, najua hadithi ya Kibos huihitaji kwangu. Unajua pia kwamba Wanubi wa Kibera walipewa hati yao ya jamii, ekari 288, mwaka 2017, baada ya kungoja zaidi ya miaka mia moja. Wanubi walikuja na bunduki ya Mwingereza na bado ilichukua karne nzima kupata karatasi. Sisi wengine tuna haraka gani?

Lakini sitaki uondoke hapo ukisema sheria haina maana kwa sababu amri zilivunjwa. Soma hizo habari kwa jicho la mtu anayejipanga. Kule Afrika Kusini katiba yao inasema hakuna mtu atakayetolewa nyumbani kwake bila amri ya korti, na korti lazima kwanza iangalie hali yote ya huyo mtu. Yaani anayetaka kukutoa ndiye anayekwenda kortini. Kwetu ni kinyume. Sheria yetu inamtaka mwenye kutoa atoe notisi, basi. Wewe uliyepewa notisi ndiye unayetakiwa kuamka, kutafuta nauli, na kwenda kuomba korti iisimamishe. Usipokwenda, miezi mitatu inaisha na wanakuja, na wako sawa kisheria. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua kila kitu. Mzigo wametubebesha sisi, na sisi tunautua chini tukisema hatuna hati.

Kwa hivyo miezi mitatu si muda wa kungoja.

Siku ile ile X inachorwa, ipige picha kwa simu, uso wa nyumba na majirani waonekane, na mtume watu wengine hiyo picha ili tarehe ibaki. Jioni mkutane. Msikutane kupiga kelele, mkutane kuandika. Daftari moja, mtu mmoja mwenye mwandiko unaosomeka, nyumba moja moja: nani anakaa, watoto wangapi na wanasoma wapi, nani mgonjwa, nani mzee, nani mlemavu, amekaa tangu lini, analipa kodi au alijenga mwenyewe. Korti haiwezi kulinda umati. Inalinda watu waliohesabiwa.

"Tangu lini" ndilo swali linalowashinda wengi, kwa sababu hakuna anayeweka risiti. Lakini ushahidi unao na hujui. Kadi ya kliniki ya mtoto kutoka Hospitali ya Misheni ya Tabaka ina tarehe. Meseji za tokeni za stima zina tarehe. M-Pesa ya kodi ina tarehe. Barua ya shule, cheti cha ubatizo au cha nikahi, picha ya harusi ambayo nyuma yake nyumba inaonekana. Weka vyote kwenye bahasha moja na uhifadhi kwa mtu asiyekaa mtaa huo. Tingatinga likipita juu ya sanduku lako, limepita juu ya kesi yako pia.

Halafu jiandikisheni. Kikundi cha watu 10 au zaidi kinaweza kusajiliwa kwa sheria ya vikundi vya jamii ya 2022. Mitumba walikwenda kortini kwa jina la chama chao. Mtu mmoja mmoja anaweza kuitwa pembeni na kupewa soda na elfu tano. Kikundi chenye kumbukumbu za mikutano ni kigumu zaidi kununua. Sisemi hakinunuliki.

Kuhusu korti, watu wanaogopa pesa. Kifungu cha 22 cha Katiba kinasema mtu akifungua kesi ya kulinda haki zilizoko kwenye Sura ya Haki, hatatozwa ada ya kuifungua, na korti inaweza kupokea hata maandishi yasiyo rasmi. Kanuni za 2013 zinakubali barua, hata ombi la mdomo. Wakili atahitajika mbele ya safari, na kuna sheria ya msaada wa kisheria ya 2016 kwa asiyejiweza. Lakini mwanzo hauhitaji suti. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko Kisii mjini. Chini ya kifungu cha 152F korti inaweza kuithibitisha notisi, kuifuta, kuibadilisha, kuisimamisha au kuagiza fidia. Na mkipata amri, msiifungie kabatini. Kibos na Kariobangi zinatufundisha hilo. Nakala iende kwa OCS siku hiyo hiyo, kwa naibu kamishna, kwa ofisi ya kaunti, kwa chifu, na kila nakala irudi na muhuri na jina la aliyeipokea. Afisa anayejua jina lake liko kwenye karatasi hupunguza ujasiri. Si kila mara, lakini hupunguza.

Ikifika siku yenyewe na hamkushinda, bado kuna kifungu cha 152G. Wanaokuja wajitambulishe na waonyeshe idhini rasmi. Maafisa wa serikali wawepo. Wazee, wanawake, watoto na wenye ulemavu waangaliwe kwa namna ya pekee. Nguvu isizidi inayohitajika. Mali iliyobaki ilindwe. Na hili ambalo kwangu ndilo la maana kuliko yote: wenye nyumba wapewe nafasi ya kwanza kubomoa wenyewe na kuokoa vitu vyao. Aliyewahi kujenga anaelewa. Bati lililotolewa msumari mmoja mmoja linajenga tena mahali pengine. Bati lililokanyagwa na tingatinga linauzwa kwa kilo. Mlango, fremu ya dirisha, mbao za paa, hizo ni miaka minne ya mshahara wa mchonga mawe. Hata mtu anayestahili kuondoka hastahili kuondoka maskini kuliko alivyokuja.

Na wapo wanaostahili kuondoka. Hapa najua nitagombana na baadhi yenu, tugombane. Kaunti haikosei kila mara. Nyumba iliyojengwa mdomoni mwa shimo la mawe la zamani itaanguka siku moja, na hakuna kikundi chenye cheti kitakachoizuia. Nyumba iliyo kwenye mfereji inapeleka maji kwa jirani. Mei 2024, baada ya mafuriko, serikali iliamuru watu waondoke kandokando ya mito jijini Nairobi, na tingatinga zikaingia Mathare na Mukuru matope yakiwa bado mabichi, kwa ahadi ya Sh10,000 kwa familia. Namna ile ilikuwa ya kinyama. Lakini mto ulikuwa umeshaua watu. Ukijua nyumba yako iko mahali pa kifo, miezi mitatu itumie kudai pa kwenda na nafasi ya kubeba mabati yako. Usiitumie kudai kubaki.

Kuna pia mtu ambaye hatumtaji kwenye mikutano yetu, na mara nyingi ndiye anayekaa mbele. Ni yule aliyejipimia ardhi ya umma, akajenga vyumba kumi na viwili vya mabati, akapangisha. Yeye halali humo. Analala kwake, kwenye shamba lenye hati. X ikichorwa, anawaita wapangaji waandamane, wapigwe vitoa machozi kwa ajili ya kodi yake. Fidia ikitajwa, orodha ina jina lake mara kumi na mbili na mpangaji hayumo. Ndiyo maana nasisitiza daftari liandike anayelala ndani. Msichana wa chuo cha uuguzi, dereva wa boda, mama na watoto wawili kwenye chumba kimoja, hao ndio makao yao yanayobomolewa. Yule mwingine anabomolewa biashara. Na aliyewauzia watu ploti zisizo zake kwa makubaliano ya mkono kwa chifu atafutwe na arudishe pesa, hata kama ni mtu wetu na anatoa vizuri kwenye harambee.

Kwa upande wa kaunti, tunachodai si kikubwa. Ramani ya mipango ya Tabaka ibandikwe mahali watu wanapita, si kufungiwa ofisini. Mipaka ya barabara, ya soko na ya mto iwekwe alama kabla ya watu kujenga, maana kumwacha mtu ajenge miaka sita kisha kumwambia mwaka wa saba kwamba ilikuwa barabara ni uonevu hata kama ramani ilikuwepo. Kanjo akija awe na karatasi yenye jina la sheria, jina la afisa na mahali pa kukata rufaa, kwa Kiswahili na Ekegusii.

Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inatupa nafasi ya kuuliza hayo yote, na ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Wiki hii tunaandika barua mbili. Ya kwanza kwa kaunti, kuuliza ni ardhi gani ndani ya mji wa Tabaka imeorodheshwa kuwa ya umma, na ni majengo gani yamepewa notisi ya utekelezaji. Ya pili kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi, kuuliza kama kuna uamuzi wowote wa kuondoa watu hapa. Kama nyumba yako ina alama tayari, tutumie picha yake, tarehe uliyoiona na idadi ya watu wanaolala humo, usiku huu kabla barua hazijakwenda, ili tuziambatanishe. Majina yenu hatutayaweka hapa. Majibu yakija tutayabandika kwenye ukurasa huu jinsi yalivyo, na yasipokuja tutaandika kwamba hayakuja, na siku ya 22 tutakuwa mlangoni.